PhotoRec: Mapitio ya Programu ya Kuokoa Picha, Baada ya Kuitumia kwenye Diski ya Marehemu

PhotoRec ni programu isiyo na sura ya kumvutia mtu. Ukiifungua unakutana na dirisha jeusi lenye maandishi meupe, halina cha kubofya, na kila jambo linafanywa kwa vishale vya kibodi na kitufe cha Enter. Maandishi yote ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Pamoja na hayo, kati ya programu za kuokoa mafaili nilizowahi kuzigusa katika uraibu wangu wa kuchokonoa kompyuta kuukuu, hii ndiyo ninayoiamini zaidi. Safari hii naieleza kwa kirefu kwa sababu nimeitumia katika kazi ambayo haikuruhusu kubahatisha: diski ya kompyuta mpakato ya baba wa rafiki yangu, aliyefariki huko Tanga.

Mzee huyo alikuwa mwenzetu katika uraibu huu. Kila nilipokwenda kumwamkia, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mazungumzo yalihamia kwenye kompyuta: kumbukumbu ya kuongezea, toleo la Linux (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta) la kujaribu, skana iliyogoma kutambulika. Baada ya kustaafu alikuwa amejipa kazi ya kuziingiza picha za ukoo mzima kwenye kompyuta, albamu baada ya albamu, na kaseti chache za sauti za ndugu zake waliotangulia. Albamu zenyewe zilirudishwa kwa wenyewe, nyingine zikaliwa na mchwa. Diski ikabaki kuwa hazina pekee, na ilianza kusuasua wakati wa ugonjwa wake, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na moyo wa kufikiria nakala za akiba. Fundi aliyeitwa kabla yangu aliona Windows haiwaki, akaifomati sehemu ileile yenye picha ili aisakinishe upya, kisha akaiacha kazi njiani kwa kuwa diski ilikuwa inakwamakwama.

Hapa ndipo PhotoRec inapojipambanua. Kufomati kwa haraka hakufuti picha zenyewe. Kunafuta orodha inayosema picha gani imekaa wapi, sawa na kuchana daftari la mwenye ghala huku magunia yakiwa bado yamepangwa ndani. Programu nyingi hulitafuta daftari. PhotoRec hailitafuti kabisa. Inapita diski sekta kwa sekta, yaani kijisehemu kimoja kidogo baada ya kingine, ikiangalia alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo: faili la picha la JPEG huanza na baiti FF D8 FF, na la PDF huanza na herufi %PDF. Inapoiona alama hiyo, inalinyanyua faili na kulihifadhi kwingine. Inatambua zaidi ya aina 480 za viambishi vya mafaili (zile herufi za mwisho wa jina, kama .jpg), inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS, na haiandiki chochote kwenye diski inayosomwa, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko urembo wowote. Mwandishi wake ni Mfaransa Christophe Grenier, na imetolewa kwa leseni ya GPL, ya programu huria, na huilipii. Nalitaja hilo kwa sababu zipo programu za biashara ambazo humwonyesha mfiwa picha ndogondogo za alichopoteza, kisha zikamdai kadi ya benki kabla ya kumruhusu kuzihifadhi. Biashara ni halali, lakini namna hiyo siipendi.

Hata hivyo, kosa ambalo maelezo mengi ya programu hii hulihimiza bila kukusudia ni kuielekeza moja kwa moja kwenye diski mgonjwa. PhotoRec inasoma kwa bidii, na diski yenye sekta mbovu inaweza kufia mikononi mwako katikati ya kazi. Kwanza inyofolewe nakala kamili ya diski, na kwa hilo hakuna kifaa ninachokijua kinachoishinda GNU ddrescue ya Antonio Diaz Diaz. Hiyo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikiruka zile zenye matatizo, halafu hurudi kuzikwangua taratibu zile ngumu. Kila ilichofanya inakiandika katika faili la ramani, hivyo umeme ukikatika, ukarudi, unaendelea pale ulipoishia badala ya kuanza upya. Kwa nchi yetu sifa hiyo peke yake inatosha kuipigia debe. Anayeitafuta kwenye Debian au Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, aitafute kwa jina la gddrescue, maana ndivyo kifurushi kinavyoitwa huko. Na asiyetaka kusakinisha chochote anaweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye SystemRescue, ambayo tayari ina ddrescue na PhotoRec ndani yake. Utahitaji diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko diski unayoiokoa, kwa kuwa nakala inachukua kila sekta, yenye kitu na isiyo na kitu.

TestDisk, dada yake PhotoRec inayokuja katika kifurushi kimoja nayo, ijaribiwe kabla. Ikifanikiwa kuiona sehemu ya diski iliyopotea, hurudisha mafaili yakiwa na majina yake na folda zake. Kwetu ilifanikiwa kwa sehemu moja ndogo iliyokuwa na nyaraka, na kwa sehemu iliyofomatiwa ikashindwa.

Basi nikaielekeza PhotoRec kwenye nakala. Unachagua diski au faili la nakala, unachagua sehemu, unaulizwa kama mfumo wa mafaili ni wa familia ya ext, inayotumiwa na Linux, au mwingineo, kisha unaulizwa swali ambalo wengi hulipita bila kulisoma: itafute kwenye nafasi tupu tu, au kwenye sehemu yote. Ikiwa diski imefomatiwa au imeharibika, chagua yote. Mwisho unaonyesha folda ya kuhifadhia na kubonyeza C. Folda hiyo isiwe kamwe kwenye diski unayoiokoa.

Lipo pia chaguo linaloitwa File Opt, na hilo ndilo ninaloliona kuwa sehemu bora ya programu nzima, ingawa sijaona wengi wakilisifu. Bila kuligusa, PhotoRec itakuletea kila inachokitambua: barua, majedwali ya hesabu, kurasa za intaneti, barua pepe, na zaidi ya yote vile ambavyo mwenyewe alivifuta kwa hiari yake akiwa hai. Programu haiwezi kujua kipi kilipotea kwa bahati mbaya na kipi kilifutwa kwa makusudi. Mtu mgonjwa huandika mambo; huenda aliandika barua akabadili nia, au alihifadhi majibu ya hospitali asitake mwenzi wake ayaone, kisha akayaondoa. Kuyafukua hayo na kuyakabidhi kwa familia katika flashi, yakiwa yamechanganyika na picha za harusi, ni kumfanyia marehemu jambo asiloweza kulikataa. Ndani ya File Opt unabonyeza S kuondoa aina zote, kisha unarudisha zile unazozihitaji tu. Nilimwuliza rafiki yangu wanataka nini, akaenda kushauriana na mama yake na kaka yake, na jibu likaja: picha na sauti, basi. Nikaacha JPEG na TIFF za picha, na WAV ya sauti. Yaliyobaki hayakufukuliwa, nami sikuyaona.

Ninamshauri yeyote anayetaka kumsaidia rafiki aliyefiwa kwa njia hii afanye mazungumzo hayo kabla ya kuiwasha programu, wala si siku za matanga, watu wakiwa bado wanaingia na kutoka na rambirambi. Siku hizo kazi ya fundi ni moja tu: kuizima kompyuta, kuitoa diski na kuiweka mahali pakavu. Diski iliyozimwa haiharibiki zaidi kwa kusubiri wiki chache. Inayoharibika ni ile ambayo kila mjomba anayefika msibani anaiwasha ajaribu bahati yake.

Matokeo huja katika folda zinazoitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, na majina yote ya zamani yametoweka. Badala ya jina la tukio au la mtu, unapata f0384512.jpg. Wengi hukatishwa tamaa hapo, na baadhi hukimbilia kubadili majina kwa pamoja. Ningewasihi wasubiri. Nambari ile inatokana na mahali faili lilipokaa kwenye diski, na kwa kawaida mafaili yaliyohifadhiwa kwa kufuatana hukaa jirani. Mzee alikuwa na utaratibu wa kuskani picha mbele, kisha akaigeuza na kuskani mgongo wake. Nilipoyapanga mafaili kwa majina yale yasiyo na maana, mbele na nyuma vikaja vikifuatana: picha ya rangi ya kahawia yenye kingo za mawimbi, vijana watatu wameegemea baiskeli, na faili linalofuata ni karatasi iliyofifia yenye wino wa buluu, “Pangani, Idi Mosi 1974”. Kama ningeyapanga kwa tarehe zilizomo ndani ya mafaili, jozi hizo zingetawanyika, kwa kuwa tarehe inayohifadhiwa na skana, pale inapohifadhiwa, ni ya siku ya kuskani. Kwa picha zilizopigwa na kamera au simu mambo ni tofauti: hizo hubeba tarehe ya kweli na aina ya kamera, na programu ya ExifTool inaweza kuzipa majina mapya kwa kufuata tarehe hizo bila shida.

Picha ambazo migongo yake haikuandikwa kitu zilihitaji mtu, na mtu huyo alikuwa mke wa marehemu. Alikuwa bado yumo edani, kwa hiyo mimi na binti yake tulimpelekea kompyuta chumbani kwake tukakaa naye mkekani. “Rudisha hiyo ya nyuma, mwanangu,” aliniambia, akaisogelea skrini. “Huyu shangazi yenu kabla hajaolewa. Na gauni hilo ni langu, aliliazima.” Binti yake akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Tuliandika majina hayo kwenye daftari, upande mmoja nambari ya faili, upande wa pili maneno ya Mama, na ninaona njia hiyo ni bora kuliko programu yoyote ya kutambua nyuso, ambayo ingekuwa imejifunza nyuso za watu wengine.

Kasoro zipo, na baadhi zinachosha. Mafaili yanayoanza kwa herufi t ni vijipicha vidogo vilivyofichwa ndani ya picha kubwa, na PhotoRec hukuletea vyote. Pamoja navyo huja alama za vitufe, matangazo ya tovuti na takataka nyingine za intaneti zilizokuwa zimehifadhiwa na kivinjari, kwa maelfu. Njia ya haraka ni kupanga kwa ukubwa na kuondoa kila kilicho chini ya kiasi fulani, lakini afanyaye hivyo aangalie kwanza, maana picha za simu za zamani zenyewe zilikuwa ndogo mno. Nakala zinazojirudia huondolewa na fdupes, inayolinganisha yaliyomo badala ya majina. Kasoro kubwa zaidi ni mafaili yaliyohifadhiwa vipandevipande. PhotoRec hujitahidi, lakini mara nyingi hudhani faili limekaa mahali pamoja, na pale lisipokaa hivyo unapata picha iliyo nzima juu na kijivu chini, au video isiyofunguka kabisa. Rekodi za kaseti zilipona kwa kiasi kikubwa. Mbili tatu zilikatika katikati ya neno. Picha zilizokuwa mwanzoni mwa sehemu ile, ambapo Windows mpya ilikuwa imeanza kuandikwa juu yake, hazikurudi, na hakuna programu ambayo ingezirudisha.

Lipo toleo lenye madirisha na vitufe, QPhotoRec, linalokuja katika kifurushi hichohicho. Ni jepesi kwa anayeogopa ukurasa mweusi na linakuwezesha kuchagua aina za mafaili vilevile, ila mimi nilibaki na lile la maandishi kwa mazoea.

Anayetaka kuokoa picha zilizofutwa kwenye simu ya kisasa ya Android asipoteze muda na PhotoRec, kwa sababu hifadhi ya ndani ya simu hizo imesimbwa, yaani imefungwa kwa msimbo wa siri. Kadi ya kumbukumbu iliyotumika kama kawaida ndiyo inayofaa. Diski za SSD, zile zisizo na sahani inayozunguka, nazo hufuta kweli kile ulichokifuta, mara nyingi ndani ya muda mfupi, kutokana na amri ya TRIM inayoiambia diski isafishe nafasi iliyoachwa, hivyo matumaini huko ni madogo. Na diski inayotoa mlio wa kugonga haina tatizo linalotibika kwa programu yoyote. Hiyo izimwe mara moja na ipelekwe kwa mafundi wenye chumba kisicho na vumbi, wanaoweza kuifungua, huku familia ikielezwa mapema kwamba gharama yake ni kubwa na mafanikio hayana uhakika.