Magurudumu na habu (vile vitovu vya katikati ya gurudumu) za tela la baiskeli, nimetumia aina tatu hapa Moshi

Wakuu mnaotaka kujitengenezea tela la baiskeli, mi nashusha ndizi toka Uru kuja soko la Mbuyuni, na kiukweli fremu fundi yeyote wa kuchomelea anakutolea, kazi ipo kwenye magurudumu.

Nilianza na ya toroli la zege. Ni magumu kweli, ila mazito, na mengi hayana gololi ndani, ni bomba tu linazunguka juu ya chuma, sasa kurudi Uru ni mlima mtupu, hata tela likiwa tupu unahisi kama kuna mtu kashika breki nyuma.

Afu nikapata ya kiti cha wagonjwa, mtumba. Haya nayasifia, yametengenezwa kushikwa upande mmoja tu, ekseli yake nene, milimita 12 au nusu inchi, unabonyeza kitufe gurudumu linachomoka tela linaingia ndani. Ila tairi zake nyembamba, kwenye kokoto hapana. Mwenye njia ya lami achukue haya.

Sa hivi natumia ya mbele ya baiskeli za watoto, inchi 20, na ndo nayapa alama zote. Lakini sikiliza hapa vizuri: ekseli ya mbele ya baiskeli ni kama milimita 9 hivi, imetengenezwa ishikwe na foku pande zote mbili, ukiibana upande mmoja ukapakia mzigo itapinda tu, hata ukaze nati namna gani. Kwa hiyo kila gurudumu liwe na chuma ndani na chuma nje, fundi wangu alizungushia fremu nje ya gurudumu akachomelea flatibaa (chuma bapa) zenye mpasuo wa kuingiza ekseli. Pima upana wa habu yako kwanza kabla ya kuchomelea, za baiskeli kubwa mbele kwa kawaida ni milimita 100, za watoto nyingine zinapungua.

Mtu atauliza kwa nini siyo magurudumu ya inchi 28 ya baiskeli za Phoenix, si zipo kila kona? Baiskeli kwenye kona inalala, tela halilali, kwa hiyo mzigo wote unaisukuma ringi kwa pembeni, na ringi ndogo yenye spoku fupi inavumilia hilo kuliko kubwa. Ukikuta ya spoku 36 usiiache. Ya nyuma yenye gia mi siitaki hata ya bure, spoku za upande wa gia zimesimama wima kuliko za upande wa pili, ikisukumwa pembeni haina nguvu.

Na 20 siyo zote moja jamani!! Soma ubavuni mwa tairi, iliyoandikwa 20x1.75 na ya 20x1 3/8 haziingiliani kabisa, ringi zake ni tofauti, kipenyo pale tairi linapokaa ni milimita 406 kwa ya kwanza na 451 kwa ya pili. Chukua 1.75, ni pana, inafaa vumbi letu.

Za mtumba grisi inakuwa imekauka, fungua habu, osha gololi, weka grisi mpya, koni (zile nati zinazobana gololi kwenye ekseli) zikaze mpaka gurudumu lisicheze ila lizunguke laini. Masika yakiisha rudia, maji ya matope yanapenya.

Breki ni zile za baiskeli peke yake, mi kushuka na mikungu naanza kushika tangu juu kabisa.

Kwa mafundi baiskeli fremu za watoto zilizokatika huwa hazikosekani, we ulizia magurudumu mawili ya mbele yanayofanana, upatane bei.