Elektrodi za kaboni na kisomeo cha kuchomeka kwenye simu: maoni yangu baada ya kuzitumia Mtwara

Kama unasitasita kuagiza kisomeo kidogo cha elektrokemia (kifaa kinachotia volti kwenye elektrodi na kusoma mkondo wake) pamoja na pakiti ya elektrodi za kutumia na kutupa, agiza. Mimi ni fundi maabara hapa Mtwara. Seti hii nimeinunua kwa hela yangu ili nitengeneze vipimo vya polima yenye umbo la molekuli, yaani plastiki yenye vishimo vinavyolingana na molekuli unayotaka kuipima, na imenipa raha kubwa.

Elektrodi yenyewe ni kijiti cha plastiki chenye michirizi mitatu, miwili ya kaboni na mmoja wa wino wa fedha. Tone moja linaifunika yote. Nilianza na glukosi, maana njia yake watafiti Malitesta, Losito na Zambonin wa Italia waliitoa tangu mwaka 1999. Wao walipima uzito kwa fuwele ya kwatzi, mimi nasoma mkondo wa umeme.

Unadondosha mchanganyiko wa fenilenidiamini, ambayo ndiyo inayogeuka polima, na glukosi (vaa glavu, hiyo fenilenidiamini ni sumu), kisha kisomeo kinapandisha na kushusha volti kati ya 0 na 0.8. Hapo ndipo patamu. Kwenye simu unauona mchoro ukinywea kila mzunguko, kwa sababu utando wa polima unaoota unazuia umeme, na kwa hiyo unajizuia wenyewe usiwe mnene. Ukimaliza, suuza kwa maji yaliyotoneshwa. Glukosi inatoka, vishimo vya umbo lake vinabaki, kama korosho iliyogandamizwa kwenye udongo mbichi ikatolewa. Ukiweka ferisianidi, kemikali inayotoa mkondo ikiifikia kaboni, inapenya kwenye vishimo na mkondo unapanda. Glukosi ikirudi kwenye vishimo, mkondo unashuka.

Karatasi ya maelekezo iliyokuja na pakiti haisemi lolote kuhusu elektrodi ya kulinganishia, na hilo ni kosa kubwa. Lazima uoteshe nyingine bila glukosi. Bila hiyo huwezi kujua kama mkondo umeshuka kwa sababu ya vishimo au ni uchafu tu umeganda juu. Nilipojaribu juisi ya mabibo niliyoizimua, zote mbili zilishuka. Tofauti kati yake ndiyo jibu lenyewe. Na fruktosi, sukari ya matunda, nayo inajipenyeza kidogo, kwa hiyo mtu asidiriki kumpimia mgonjwa sukari kwa hiki.

Kilichonivutia zaidi ni uvumilivu wake wa joto. Vijiti vya sukari vya famasi vingi vina kimeng'enya, na kopo lake huandikwa lisizidi nyuzi 30. Desemba ya huku unaijua. Polima haina cha kuoza: elektrodi nilizoziacha kwenye droo, bila friji, zilisoma karibu sawa na mpya.

Kinachoudhi ni hewa ya bahari. Mchirizi wa fedha unapiga weusi ukiacha pakiti wazi, na pini za soketi ya kisomeo zinashika kutu, halafu usomaji unaanza kurukaruka. Vijiti kadhaa vilinifikia vimekwaruzika. Muuzaji aliahidi kunibadilishia, mpaka leo kimya. Ukiagiza, omba soketi ya ziada, hifadhi elektrodi kwenye kopo lenye vifuko vya silika, na kagua kila kijiti mwangani kabla hujapoteza kemikali juu yake.