Kozi ya Video Mtandaoni: Kabla Hujalipa, Tafuta Somo la Sauti

Tangu kaskazi ianze kuvuma, wasomaji wangu wa Lamu wananiandikia jambo lilelile. Mmoja ana nyumba ya wageni Shela, mwingine anauza kofia za kushonwa kwa mkono Langoni, wengine wanapeleka watalii Manda kwa jahazi. Wamelipia kozi za kutangaza biashara kwa video na kufuata kila somo, na video zao zinapendeza machoni. Ila anayezitazama hasikii neno, upepo umemeza kila kitu. Wakimrudia mwalimu, wanaambiwa waweke muziki juu yake.

Jibu hilo limenikera, na ndilo lililonifanya nipange orodha hii ya mahali pa kupata kozi. Sitazungumzia nyota za wanafunzi, cheti wala urefu wa kozi, maana hayo kila mnunuzi huyaangalia. Mimi nafungua mtaala na kutafuta kitu kimoja: je, kuna somo zima la kunasa sauti? Nyingi hazina. Utakuta masomo ya mwanga, ya rangi, ya maneno ya kuvutia katika sekunde za mwanzo, kisha sauti ipewe dakika mbili ndani ya somo la vifaa.

Walimu hujitetea kwamba watu wengi hutazama video mitandaoni wakiwa wamezima sauti, kwa hiyo maandishi yanatosha. Kwa muuza viatu anayeonyesha bei, sawa. Lakini mgeni aliyeko Nairobi au Milano, anayetaka kutuma malipo ya awali ya chumba kwa mtu asiyemjua, humpima mtu huyo kwa sauti yake. Anataka kumsikia nahodha akieleza maji yanajaa saa ngapi na chakula kitapikwa wapi. Isitoshe, kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi hivi, na huo ndio msimu wa wageni. Upepo na wateja huja pamoja, na kozi isiyokuandaa kwa upepo imekuacha wakati unapoihitaji zaidi.

Upepo unapopiga maikrofoni husukuma utando wake na kutoa mngurumo mzito unaofunika maneno. Ukishanaswa, kuutoa ni kazi ngumu, maana kichujio kinachokata sauti za chini ya hezi 80 au 100 hupunguza mngurumo bila kurudisha neno lililopotea. Tiba iko pale pale unaporekodi. Maikrofoni ndogo ya kubana nguoni ivalishwe kifuniko chake cha manyoya na ikae kama shubiri moja kutoka mdomoni. Mzungumzaji asogee kwenye kinga ya ukuta au aingie dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Ndani nako kuna shida yake: chumba cha mawe na chokaa kisicho na mapazia kina mwangwi, na godoro lililosimamishwa nyuma ya kamera linausaidia kupungua. Mwalimu anayejua kazi atakwambia pia usikilize mahali kabla ya kupanga kamera. Mji wetu wa kale hauna magari vichochoroni, lakini kuna punda, kuna boti za injini, na adhana husubiriwa imalizike. Na usiondoke mahali hapo kabla ya kuvaa hedifoni ukasikiliza ulichorekodi.

Sasa orodha. Ya kwanza kwangu ni Udemy, soko la kozi mtandaoni, na sifichi kwamba naipenda. Kabla ya kutoa shilingi unaona majina ya masomo yote na dakika za kila moja, na baadhi unaweza kuyatazama bure. Tafuta somo la sauti hapo. Kama ni dakika mbili, achana na kozi hiyo. Tarehe ya mwisho ya kozi kufanyiwa marekebisho imeandikwa wazi. Iliyoachwa tangu kabla ya 2020 haijui Reels, yaani video fupi ambazo Instagram ilizileta mwaka huo. Kwa kozi nyingi una siku 30 za kuomba kurudishiwa pesa. Masomo mengi unaweza kuyapakua kwenye programu ya simu ukiwa penye Wi-Fi, ukayatazama nyumbani bila kula bando. Usinunue kwa bei kamili, kwa sababu punguzo huja mara kwa mara. Asiye na kadi ya benki atumie kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyoletwa na Safaricom na Visa mwaka 2022.

Ya pili ni Coursera, tovuti nyingine ya kozi. Mafunzo yake yamepangwa vizuri na anayekosa uwezo anaweza kuomba msaada wa ada, ila mengi yanaegemea mikakati ya kampuni kubwa. Ukilipa kila mwezi, mwezi ukienda na wewe hujafungua somo, pesa imekwenda.

HubSpot Academy, mafunzo ya mtandaoni ya kampuni ya HubSpot, ni ya bure na inatosha kwa kuelewa mpango wa matangazo. YouTube nayo ina kila kitu, ukiwa na subira ya kuchambua.

Ya mwisho kabisa ni kozi zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp, na hapa nina hasira. Unaalikwa darasa la bure la jioni, mnasimuliwa mapato kwa saa nzima, kisha bei inatajwa na mnaambiwa kesho itapanda. Pesa inatumwa kwa namba ya mtu binafsi. Mtaala huoni mpaka ulipe, na ukilalamika unatolewa kwenye kundi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaoridhisha, pamoja na habari anazohitaji ili afaidike nayo. Orodha ya masomo ni habari ya aina hiyo. Mama wa nyumba ya wageni aliyetoa akiba ya msimu mzima alistahili kuiona kabla ya kutuma hata shilingi moja. Ukialikwa, andika hapo hapo kundini, mbele ya wote, uulize somo la sauti ni la ngapi, lina dakika ngapi, na kama mwalimu aliwahi kurekodi ufukweni kaskazi ikivuma. Omba uisikie video hiyo.