Kiwiko changu cha bandia katika mwaka wake wa tisa

Kabla sijawekewa kiwiko cha bandia katika mkono wa kulia, nilimuuliza daktari wa upasuaji kitakaa miaka mingapi, naye akaniuliza nitakuwa nikinyanyua nini. Niliona ananikwepa. Leo, kiungo hiki kikiwa katika mwaka wake wa tisa, nakiri kwamba swali lake lilikuwa na maana kuliko langu.

Baridi yabisi ilikuwa imekula gegedu hadi mifupa ikawa inasagana, na kufikisha kijiko mdomoni kulikuwa kazi. Nilichowekewa ni bawaba ya chuma: shina moja limezamishwa ndani ya mfupa wa mkono wa juu, jingine ndani ya mfupa wa kigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja, yote mawili yakashikizwa kwa saruji ya mifupa, na pale yanapokutana pana vipande vidogo vya plastiki ngumu ili chuma kisisuguane na chuma. Bawaba hiyo imeachiwa kwa makusudi ulegevu kidogo wa kwenda upande kwa upande, kwa kuwa ikikazwa kabisa, kila msokoto wa mkono huishia kwenye saruji. Viwiko vya miaka ya 1970 vyenye bawaba ngumu vililegea mapema kwa sababu hiyo.

Kwa jumla, viwiko takriban 9 kati ya 10 hufikisha miaka 5 bila kuhitaji kubadilishwa, na karibu 8 kati ya 10 hufikisha miaka 10. Ni pungufu ya nyonga na magoti ya bandia. Wenye baridi yabisi kama mimi kwa kawaida hukaa navyo muda mrefu kuliko waliovunjika kiwiko wakiwa bado na nguvu, maana hao hurudi kuutumia mkono kama zamani.

Lalamiko langu ni moja. Masharti ya uzito, yaani kilo 5 kwa mara moja na kilo 1 kwa kazi ya kurudiarudia, tena kwa maisha yote, niliyasikia siku ya kuruhusiwa kutoka wodini, nikiwa tayari nimeshika mfuko wa dawa. Jambo hilo lilistahili kuzungumzwa kabla sijatia saini ya kukubali upasuaji. Mkono usiouma hudanganya: birika lililojaa maji hupita kilo 2 kwa urahisi, na kwa kuwa kigasha ni mtaimbo mrefu, uzito ulioko kiganjani hukielemea kiwiko mara kadhaa. Nilijifunza kumimina chai kwa mkono wa kushoto. Kilichonichukua muda zaidi ni kuacha kujisukuma kwa mikono ninapoinuka kitini, kitu ambacho sikuwahi hata kukihesabu kuwa ni kubeba mzigo.

Ganzi ya kidole cha mwisho, iliyotokana na neva inayopita nyuma ya kiwiko kusumbuliwa wakati wa upasuaji, iliisha baada ya miezi michache. Mkono haunyooki kabisa, lakini unafika mdomoni, unafunga vifungo na unachana nywele, na kwa hayo peke yake ningekubali upasuaji huu tena.

Katika mwaka wa saba nilianza kusikia mlio mdogo, kama wa kitasa kilicholegea, kila nilipokunja mkono. Daktari aliweka picha za eksirei za miaka yote sambamba, akanionyesha kwamba plastiki imelika lakini saruji bado imeshikana na mfupa. Walibadilisha plastiki peke yake bila kugusa mashina, upasuaji mdogo sana ukilinganisha na ule wa kwanza. Wanaoacha kwenda kupigwa picha kila mwaka kwa kuwa hawasikii maumivu hupoteza nafasi hiyo, kwani shina linaweza kuwa limeanza kulegea kimyakimya.

Picha ya mwezi uliopita imeonyesha mstari mwembamba mweusi kwenye ncha ya shina la chini, kati ya saruji na mfupa. Siumwi popote, ila safari hii nimepangiwa kurudi baada ya miezi sita badala ya mwaka.