Uzoefu wangu na huduma ya malaria Zanzibar: niliumwa mimi, ikapimwa nyumba nzima

Nawaandikia wenzangu wa Unguja na Pemba wanaokwenda bara na kurudi, kwa biashara, harusi au misiba. Huduma za afya za Zanzibar si za Muungano, zinasimamiwa na Wizara ya Afya yetu wenyewe, na kila mtu ana lake la kusema juu yake. Mimi nitazungumzia moja tu, ya malaria, kwa kuwa nimeipitia na familia yangu.

Nilikwenda Handeni, mkoani Tanga, kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu. Nyumba ya harusi mnaijua, watu hulala popote penye mkeka, na mbu wa kule hawana huruma. Nilirudi kwetu Fuoni, Unguja, nikiwa mzima kabisa. Siku zikapita, mara homa ikanishika: baridi inanitetemesha mchana wa jua kali, kichwa kinapasuka, kila ninachokula kinarudi. Mume wangu akanikimbiza kwenye zahanati ya binafsi iliyo karibu na nyumbani, ambayo sitaitaja. Pale hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Wakapima mkojo, wakasema ni UTI, wakatupa antibiotiki na dawa ya maumivu, tukalipa tukaondoka. Usiku ule nilidhani siamki. Mtu aliyetoka Tanga na homa ya namna ile kuachiwa aende bila kupimwa malaria ni jambo linalonikasirisha hadi leo, maana kama si mama mkwe wangu ningeendelea kumeza dawa zisizohusiana na maradhi yangu.

Yeye ndiye aliyesema asubuhi: "Mpelekeni kituo cha Serikali." Muuguzi wa pale aliniuliza hata sijakaa vizuri, "Dada, umelala nje ya Zanzibar hivi karibuni?" Akanitoboa kidole, tukasubiri kiasi cha robo saa, mstari ukatokea. Malaria. Nikapewa ASAQ, dawa ya malaria ambayo vituo vya Serikali Zanzibar vilianza kuitoa bure mwaka 2003. Unakunywa mara moja kwa siku, kwa siku tatu. Dozi ya kwanza nilimeza mbele yake, pamoja na dozi moja ndogo ya primaquine. Nikamuuliza hii ya pili ya nini. Akanieleza kwa utulivu kwamba ASAQ inaniponya mimi, na primaquine inaua vile vimelea ambavyo mbu angevinyonya kwangu akavipeleka kwa jirani. Sikuwahi kupewa maelezo kama hayo hospitalini. Hatukulipa hata shilingi.

Nikafikiri yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Kabla sijatoka, muuguzi aliandika namba yangu ya simu, jina la sheha wetu, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaa wetu, na nyumba yetu ilipo. Kesho yake nikapigiwa simu na afisa wa malaria wa wilaya, akaomba ruhusa ya kuja. Alifika na pikipiki, kishikwambi mkononi, amefuatana na sheha. Akaniuliza nilikwenda wapi, nililala wapi, nilitumia chandarua au la, nani nilifuatana naye. Kisha akaomba awapime wote wanaolala nyumbani.

Mama mkwe akagoma. "Mimi siumwi, mwanangu. Kidole changu unakitoboa kwa lipi?"

"Ndiyo sababu ya kukupima, bibi," kijana akamjibu. "Anayeumwa huja mwenyewe kituoni. Asiyeumwa sisi hatumuoni mpaka tumfuate."

Bibi akatoa kidole. Yeye hana kitu, mume wangu hana, wanangu hawana. Aliyekutwa na vimelea ni binti wa wifi yangu, ambaye nilikwenda naye Handeni. Mtoto alikuwa uani anaruka kamba! Hana homa, hana kichwa, anakula vizuri. Akapewa dawa pale pale nyumbani kwa uzito wake. Kama si pikipiki ile, mtoto yule angelala miongoni mwetu usiku hadi usiku, mbu wetu wa Fuoni wakinyonya kwake na kugawa.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi hii inavyokwenda. Kituo kikigundua mgonjwa, taarifa hutumwa kwa simu na afisa wa wilaya huipata papo hapo. Anatakiwa afike kituoni, kisha nyumbani kwa mgonjwa, ndani ya saa 48. Ufuatiliaji wa namna hii umekuwapo Zanzibar tangu 2012, chini ya programu ya kumaliza malaria, ZAMEP. Unawezekana kwa sababu malaria hapa imekuwa chache: tangu kiasi cha 2008 wanaokutwa na vimelea kwenye uchunguzi wa jamii hawafiki asilimia 1, baada ya dawa hizi, vyandarua na upuliziaji wa majumba uliopamba moto kuanzia 2006. Penye wagonjwa wengi huwezi kumfuata kila mmoja kwake.

Na hapo pia ndipo udhaifu wake ulipo. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka sana Unguja, na afisa mmoja mwenye pikipiki moja hawezi kuwa kila nyumba kwa wakati mmoja. Tena kipimo cha kidole hakioni kila kitu. Mtu mwenye vimelea vichache sana anaweza kuonekana hana. Kijana wetu hakutuficha hilo. Alituambia yeyote atakayepata homa wiki zinazofuata arudi kituoni mara moja, hata kama leo kipimo kimesema hana. Nilimheshimu sana kwa ukweli huo.

Kuna wanaolalamika kwamba kuja na sheha kunamfanya mgonjwa aonekane na mtaa mzima. Kwetu majirani walikuja kuchungulia, ni kweli. Lakini bila sheha, nyumba nyingi zisingemfungulia mlango kijana asiyejulikana anayetaka kutoboa watoto vidole. Sheha huyohuyo ndiye aliyetupa kuponi za vyandarua, tukavichukua kituoni bila malipo. Kwangu mimi sheha ni sehemu ya dawa.

Jioni ile mama mkwe alikumbuka utoto wake, watu wa kupuliza DDT, dawa ya kuua mbu, walivyokuwa wakiingia nyumba kwa nyumba. Ule ulikuwa mpango ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, ukasimamishwa 1968 malaria ikiwa imeshashuka sana. Ikarudi. Ukaja mwingine miaka ya 1980, kwa msaada wa Marekani, nao ukamalizika na malaria ikabaki. Bibi ameiona mipango yote miwili kwa macho yake, na watoto aliowazika katikati hapo hakutaka kuwazungumzia.

Kwa hiyo ninalolihofia ni fedha. Kwa miaka mingi kazi hii imebebwa kwa sehemu kubwa na mpango wa malaria wa Marekani, PMI, na Mfuko wa Dunia. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake mingi, nilimfikiria yule kijana. Nani anamtilia mafuta? Naiomba Wizara na wawakilishi wetu walitengee fungu letu wenyewe jambo hili, lisomwe kwenye bajeti kwa jina lake, kwa sababu mbu hangoji mfadhili mwingine apatikane.

Ukiniuliza kama naipendekeza huduma hii, naipendekeza kwa moyo wote. Ukirudi kutoka bara ukapata homa, hata wiki kadhaa baadaye, nenda kituo cha Serikali na uanze kwa kusema ulikolala. Toa namba ya simu inayopatikana. Maliza dozi hata ukijisikia umepona siku ya pili, maana mimi siku ya pili nilikuwa nimeshaamka napika. Na watakapobisha hodi kwako, waite wote watoke, pamoja na yule mtoto anayecheza uani.