Kifuta jasho cha mifugo iliyoliwa na simba: naipa nyota mbili kati ya tano

Wadau, najua wengi mko hapa Dar ila ng'ombe wenu wako kwa wazee mikoani kama mimi, kwa hiyo hii inawahusu. Serikali huwa inalipa kifuta jasho mnyama mkali akiua mifugo yako, na watu kibao hawajui kabisa kama hiyo hela ipo. Sisi simba waliingia bomani usiku, upande wa Manyara, msimu wa mvua wanyama wakitoka hifadhini, wakaua ng'ombe watatu na mbuzi wawili. Baba mdogo mambo ya fomu yanampa shida ndo nikafuatilia mimi mpaka mwisho.

Nianze na kizuri. Ofisa wanyamapori alifika haraka na pikipiki, akakagua nyayo, akapiga picha mizoga, fomu ikajazwa palepale na mwenyekiti wa kijiji akiwepo, hakuomba hata hela ya mafuta. Akakaa na mzee akamsikiliza. Nyota zote mbili ni zake.

Sasa malipo. Tulilipwa kwa viwango vya kanuni za 2011, ng'ombe 50,000, mbuzi 25,000, jumla 200,000. Jamani nendeni mnada wa Pugu na hiyo laki mbili mkaulize ng'ombe mmoja tu, sio watatu! Na mmoja alikuwa ananyonyesha, maziwa yake ndo waliyokuwa wanakunywa watoto wa boma zima, ila kwenye hesabu kawekwa sawa na wenzake. Naelewa sheria inasema hii sio fidia, ni pole. Sawa. Lakini simba haohao ndo watalii wanapanda ndege kuja kuwaona, hela inafika mpaka hoteli za huku Posta, halafu hasara anabeba mzee mmoja kule porini, hapo mimi sikubali.

Na inachelewa mno. Ukipiga simu ofisini unaambiwa iko kwenye mchakato, ukipiga tena mchakato, hakuna meseji wala namba ya kufuatilia, wakati luku ukinunua tokeni inaingia hapohapo. Kuchelewa huku ni hatari kweli kwa sababu vijana wakiona hakuna hela wanaanza maneno ya kutia sumu kwenye mzoga, na sumu haiui simba tu, inaua tai, fisi na mbwa wa bomani.

Ukipatwa na hili usichune wala kuhamisha mzoga, mpigie mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, piga picha zako mwenyewe, hakikisha unabaki na kopi ya fomu yenye muhuri. Jina la akaunti lifanane na la NIDA herufi kwa herufi, yetu ilikwama kwa herufi moja tu!! Na uliza viwango vya sasa kabla hujasaini.

Kwa majirani zetu wamezungushia zizi wavu wa waya kwenye nguzo za miti inayochipua, simba wanapita pembeni wanaondoka. Mzee ameamua ile laki mbili iingie kwenye wavu, haitoshi kuzunguka zizi lote, kwa hiyo kinachobaki tunachanga sisi wa mjini.