Google Scholar: nyota nne, na hiyo moja iliyobaki nina sababu nayo

Mimi ni mhadhiri wa isimu ya Kiswahili, na ukurasa wa Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandishi ya kitaaluma unaoonyesha pia kazi za mtu na mara zilizorejelewa, ninao miaka mingi. Faida yake nimeiona vizuri mwezi uliopita nilipomfungulia Mwalimu wangu, mzee aliyenifundisha sarufi mwaka wa kwanza. Amestaafu, anaishi Morogoro. Nilimkuta barazani, redio iko pembeni.

"Binti yangu, huko kwenye intaneti nani atanisoma mimi?"

"Shikamoo kwanza, Mwalimu. Halafu tuangalie."

Kufungua ni bure, unahitaji akaunti ya Google tu. Ila wastaafu wajue hili: usipothibitisha kwa barua pepe ya chuo au taasisi, ukurasa wako hautokei watu wanapotafuta wasifu. Tukaandika jina lake, kisha tukaliandika tena kwa vifupisho, maana majarida ya zamani yalimwandika kila moja kivyake. Makala zikaanza kutoka. Za miaka ya themanini zimo, sura za vitabu zimo, hata alizoandika kwa Kiswahili zimo. Scopus na Web of Science, hazina nyingine za marejeleo ya kitaaluma, huchagua majarida ya kuingiza, na sisi wa lugha, hasa tunaoandika kwa Kiswahili, huachwa nje mara nyingi. Google Scholar inachota popote penye maandishi ya kitaaluma, tasnifu zikiwemo. Kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote.

Akaniuliza ile h iliyo pembeni ya ukurasa ni kitu gani. Nikachukua karatasi, nikapanga mara ambazo kila kazi yake imerejelewa: 41, 22, 15, 9, 7, 6, 6, 3. Unashuka ukihesabu, unakoma pale kazi inapokuwa na marejeleo machache kuliko nafasi yake. Kazi ya sita ina marejeleo 6, inatosha. Ya saba nayo ina 6, haifiki saba. Basi h yake ni 6. Na i10, yaani kazi zilizofikisha marejeleo kumi au zaidi, ni 3. Mwalimu akaitazama ile karatasi, akasema, "Miaka thelathini na tano ya kazi, sita?"

Hapo ndipo inapotoka nyota yangu moja. Ukurasa unakupa namba hiyo pembeni, kubwa na safi, bila kusema katika taaluma yako watu hupata ngapi. Niliwahi kukaa mbele ya kamati iliyotupanga kwenye jedwali moja, watu wa lugha, wa hisabati na wa malaria, kwa h kutoka juu kwenda chini. Sisi wa lugha tulikuwa mkiani wote, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Makala ya malaria inaweza kuwa na waandishi ishirini, ikatoka leo na kabla ya mwaka kwisha maabara kumi zikawa zimeirejelea. Makala ya sarufi huandikwa na mtu mmoja, na anayeihitaji anaweza kuja baada ya miaka kumi na tano.

Aliyebuni kipimo hiki, Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alilionya jambo hilo katika makala yake ya mwaka 2005. Alimtaja Edward Witten wa fizikia, h 110, na Solomon Snyder wa sayansi za uhai, h 191. Witten ndiye mwanafizikia aliyepewa Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 1990. Nani atathubutu kusema ameachwa mbali kwa sababu ya 110?

Namba yenyewe pia hudanganyika. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtafiti wa Grenoble, Ufaransa, alitunga mwandishi asiyekuwepo, Ike Antkare, akampa makala za uongo zinazorejeleana. Google Scholar ikamhesabia h 94. Kwa hiyo, wanakamati, bonyezeni orodha mwone nani amerejelea, na kwa lipi.

Sisi tulibonyeza. Chini ya ile yenye 22, inayohusu upatanisho wa nomino za viumbe, tukakuta tasnifu ya mwanafunzi wa Ujerumani. Mwalimu alikuwa amekusanya mifano sokoni Mwanza: huyu anasema dagaa wamepanda bei, yule anasema dagaa zimepanda bei, na lini samaki anaacha kuwa kiumbe akawa chakula. Mwanafunzi ameijadili mifano hiyo kurasa mbili nzima, jina la Mwalimu likiwa katika kila aya.

Aliniomba nimsomee polepole. Nilipofika kwenye "zimepanda" akaninyamazisha kwa mkono, akaingia ndani, akarudi na daftari lenye jalada la kijani. "Huyu kijana hana mfano wa yule mama wa furu," akasema. "Tumwandikie."